Anayezuia Ndoo za Asubuhi

Jua limeshapanda juu ya mtaa wa Majengo, Goma, na muuguzi Émérance Kanyere amesimama mlangoni mwa wodi akimzuia msichana mwenye ndoo.

"Rosette, unakimbia wapi na hiyo?"

"Naenda kumwaga, mama."

"Mwaga maji ya kuoga. Hiyo ni yangu!"

Wagonjwa wanacheka. Ndani ya ndoo kuna mkojo wa Honoré, baba yake Rosette, mbebaji wa mizigo kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao, kutoka Munigi. Figo zake zilishindwa ghafla wiki iliyopita.

Chanzo hakikuwa kimoja. Honoré alihara siku kadhaa, akaendelea kusukuma makaa huku akinywa maji kidogo. Mgongo ulipomuuma, alimeza vidonge vya maumivu alivyonunua mtaani Mabanga bila kuandikiwa na daktari. Mwili ukikauka, damu inayofika kwenye figo hupungua. Vidonge vya aina ile huipunguza zaidi.

Aliletwa akitapika, midomo imekauka, mkojo haba wenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Daktari Darius alipima damu: kreatinini, taka ambayo figo huitoa, ilikuwa juu mno. Ekografi, kipimo cha picha za mawimbi ya sauti, haikuonyesha kizuizi katika njia ya mkojo. Alisimamishiwa vidonge, akawekewa maji ya mshipa.

Likabaki swali moja: je, figo zitaamka? Zisipoamka, maji yale yale yangeweza kujaa mapafuni, na Honoré angehitaji kusafirishwa hadi penye mashine ya kusafisha damu.

Jibu la kwanza hutoka kwenye mkojo. Lakini katika familia nyingi hapa, mtoto mwema haachi mkojo wa mzazi wake uonwe na wageni. Asubuhi ya pili chombo kilikuwa kitupu, na daktari akaanza kuulizia gari la kumsafirisha.

"Tuna kanuni na daktari," anasema Émérance, mzaliwa wa Butembo, muuguzi kwa miaka kumi na tisa. "Kabla ya kuandika sifuri, tunamuuliza anayemlinda mgonjwa."

Rosette aliulizwa, akainamisha kichwa na kukiri kuwa alikuwa akiumwaga alfajiri. "Ni papa yangu. Niache batu baone?"

"Heshima ya papa yako ni arudi nyumbani," alimjibu Émérance. Safari ikaahirishwa, na kuanzia hapo kila tone likapimwa, hata asubuhi ambazo Rosette hujisahau na kukimbia na ndoo.

Leo Émérance anamimina mkojo kwenye kipimo na kukiinua dirishani. Umepita lita moja, na rangi imefifia.

"Muzee, umetumika vizuri!"

"Kumbe kukojoa ni kazi?" anauliza Honoré kitandani. "Basi munilipe!"

Mchana, majibu ya damu yanathibitisha: kreatinini imeshuka kwa mara ya tatu mfululizo. Daktari Darius anafuta mpango wa safari. Émérance haruki wala hapigi makofi. Ananyoosha kola ya koti lake jeupe na kutembea katikati ya wodi polepole, kichwa juu.

"Huyu amepona mikononi mwetu, hapa hapa Goma," anasema.

Sasa anapanga kwenda Munigi, kwenye maegesho ya chukudu, awaambie wanaume wale: ukihara, kunywa maji ya chumvi na sukari, pumzika, usiguse vidonge vya mgongo, mkojo ukipungua, njoo siku hiyo hiyo.

Watamsikiliza?

"Mimi sijawahi kusukuma chukudu," anasema. "Lakini Honoré ameniahidi atakuja, na wao watamwona amesimama."