Ngwe Moja Katikati ya Mtama

Mume wangu alifariki miezi minne baada ya sisi kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, mwendo mfupi kutoka Issuna. Kila kaya ilikuwa na shamba lake dogo kando ya lile la kijiji, na tuliambiwa wazi kwamba shamba likikaa na magugu mpaka mavuno, anapewa mwingine. Mimi nguvu sikuwa nazo. Nilishinda nimelala, na jembe la marehemu liliegemea pale pale mlangoni alipoliacha. Sikutaka mtu aliguse.

Mdogo wa marehemu alikuwa anakuja kila wiki kunijulia hali. Hali gani! Anapita shambani kwanza kutazama magugu, ndipo anabisha hodi kwangu. Ukoo ulishaamua anirithi na mimi nilishakataa, ila alijua vizuri kwamba nikinyang'anywa shamba sitakuwa na pa kwenda isipokuwa kwake.

Siku moja nikajikokota hadi shambani, nikakuta mistari sita ya mtama imepaliliwa. Kwetu mtu haingii shamba la mwenzake na jembe bila kuitwa. Akiingia, ujue analitaka. Nikamshuku shemeji. Kesho yake nikarauka, nikajibanza nyuma ya kichuguu.

Hakuwa shemeji. Alikuwa jirani yangu wa nyumba ya tatu, mwanamume mkimya aliyetokea upande wa Manyoni, naye amefiwa na mkewe. Ahaa, nikasema, hawa wawili wamepanga. Nikamvizia siku tano. Tukikutana njiani ananisalimia vizuri kabisa, kama si yeye, nami naitikia huku nimekaza meno. Wanawake kisimani wakanitania kwamba nimependwa. Nikawaambia huyo anapenda mtama. Lakini niseme kweli: siku ya tatu nilichana nywele kabla ya kwenda kujificha, na nilijichukia kwa hilo.

Siku ya tano alimaliza shamba lote, isipokuwa ngwe moja katikati, kipande chembamba chenye magugu yake, imenyooka kama imepimwa kwa kamba. Nikaona hapo ndipo mpaka, nusu yake na nusu ya shemeji. Nikaenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi kumshtaki.

Balozi alituita shambani. Shemeji naye akatokea, hakuna aliyemwita. Akaanza yeye kusema: mjane ameshindwa, mgeni ndiye aliyelima, basi afadhali shamba lirudi kwenye ukoo. Balozi akamgeukia jirani, akamuuliza kama analitaka shamba hili. Akasema hapana. Akamuuliza ile ngwe kaiachia nini.

Jirani alijibu akitazama chini. "Mke wangu alipokufa kule nilikotoka, sikushika jembe, na shamba langu likapewa mtu. Hii nimemwachia mwenyewe amalize. Nikimaliza mimi, mtasema ni langu."

Balozi akafikiri, kisha akaniambia nikiimaliza ngwe ile kabla jua halijazama, yeye atahesabu nimepalilia shamba langu.

Aibu niliyoiona siku ile sina pa kuiweka. Nilirudi nyumbani, nikalishika jembe la marehemu kwa mara ya kwanza, nikaja kupalilia huku nalia mbele za watu. Jirani alikaa ukingoni, mikono mapajani, wala hakunisaidia hata shina moja. Shemeji aliondoka sijafika nusu.

Msidhani niliamini mara moja. Aliponiletea asali nilimwonjesha yeye kwanza. Aliposema anataka kunioa nilimuuliza anatafuta nini hasa kwangu, na nikamuuliza tena mwezi uliofuata. Alikuwa anajibu yale yale bila kuchoka, kwamba nyumba yake ni kimya mno na kicheko changu anakisikia mpaka kwake. Sikuwa najua kama nimeanza tena kucheka.

Tulioana baada ya mavuno ya pili. Palizi iliyofuata nikaenda shambani, nikakuta amemaliza kote, ameacha ngwe ya katikati. Ile shuku yangu ikaamka hapo hapo. Nikamuuliza hii ya nini tena, na sasa sisi ni mtu na mkewe.

"Ni yako," akasema. "Siku ukinichoka, shamba usilikose."

Nikapalilia nusu. Kisha nikampa jembe la marehemu, amalizie.