Mtoto wa Ndani ya Kompyuta

Mwembesongo nzima ilijua, na mimi nilijua kuliko wote, kwamba ndani ya kompyuta ya Dada Zuhura, mwenye steshenari ya mtaani kwetu, kulikuwa na mtoto aliyefungiwa, analishwa biskuti, kazi yake kuandika tu. Ushahidi ulikuwepo. Karatasi nyingine zilizotoka mle hazikuwa na zile herufi za kiofisi, zinazosimama wima kama askari wa gwaride. Zilikuwa nene, za mviringo, zimelegea kidogo, kama mtu kaziandika kwa kalamu ya rangi huku kalala kifudifudi mkekani. Mashine gani ingeandika hivyo?

Mwaka ule kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa kimebinafsishwa, naye kapunguzwa pamoja na nusu ya dunia, na mama akaamua kufungua chekechea barazani kwetu. Watoto wasipokuja, hatuli. Ilikuwa wazi hivyo. Akaenda kuchapisha tangazo, akachagua herufi zile zile za kulegea. Baba Mkubwa, karani mstaafu aliyepiga pasi hata soksi, alilishika kwa ncha za vidole.

"Shemeji, nani atakuletea mwanawe kwa mwandiko wa kitoto namna hii? Rudi wakuandikie herufi za heshima."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo wa mchele. "Shemeji, mimi sifungui mahakama."

Akatoa nakala, akazibandika hivyo hivyo, dukani, kwenye mashine ya kusaga, hadi kwenye ukuta wa Baba Mkubwa mwenyewe. Jumatatu watoto walijaa barazani mpaka milima ya Uluguru ikasogea kutupisha. Wengine ndio waliowavuta mama zao kwa khanga, wakitaka kwenda kwenye ile karatasi inayocheka. Nikaona mtoto wa ndani anastahili shukrani. Nikampelekea karanga za kukaanga, zingali moto, nikamtilia kwenye mdomo wa printa.

Leo nina cheti changu cha masomo ya jioni, na nawasikia wasomi wakizicheka herufi zile, eti hazina hadhi. Wacheke. Chekechea sasa naiendesha mimi, bango lake limeandikwa kwa hizo hizo, na litabaki hivyo hata waje na trekta kuling'oa. Jibu lao ninalo tangu siku ile, printa ikinukia kama jiko la mchuuzi, Dada Zuhura akichokonoa karanga kwa pini ya nywele, bila hata kunigombeza:

"Humu hamna mtoto. Herufi hizi alizichora mtu mzima, kwa makusudi."