Gari Lililokula Mabati Yetu

Shamba la mkonge lilipouzwa, mume wangu hakupewa kiinua mgongo. Alipewa gari.

Alikuwa dereva wa meneja tangu kabla hajanioa, na mpango wetu ulikuwa mmoja tu: fedha ikitoka, tunaezeka nyumba yetu ya Kilosa kwa bati. Kuta zilishasimama, tofali za kuchoma, ila juu nyasi zimeoza. Siku ya malipo wafanyakazi wakaambiwa fedha hakuna, kila mtu achukue kitu. Mwingine akapata pampu ya maji, mwingine toroli na mapipa. Wangu akarudi na ile fowili ya kijani ya meneja, gari la njia za matope, amekaa wima kwenye usukani utadhani bwana harusi.

"Baba watoto," nikamuuliza, "hili tunaliezekaje?"

"Litatuezekea lenyewe."

Thubutu! Wakati wa mvua, mabasi yakikwama, alikuwa anapakia abiria na magunia ya vitunguu kwenda Mikumi kwa njia ya kijiji cha Ulaya, na kila safari ililipa vizuri, sikatai. Lakini kila safari pia ilirudi na ugonjwa wake. Leo springi imekatika, kesho bushi zimekwisha, keshokutwa breki. Zamani spea ungeitafuta kwa kibali mpaka ukate tamaa. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kuagiza mali nje, maduka ya Mikumi yakajaa spea mpaka barazani, boksi linang'aa, ukifunga kitu chenyewe hakimalizi mwezi. Tulinunua bushi zile zile mpaka muuza duka akawa ananiita shemeji.

Sevisi hakuiruka hata siku moja. Mafuta ya watoto ya kujipaka yalikosekana, ya injini yalikuwepo. Kila Jumamosi alilala chini ya gari na bomba la grisi, miguu tu ndiyo inaonekana, na watoto wakitoka shule wanaiamkia miguu. "Shikamoo baba!" Sauti inatoka uvunguni, "Marahaba, hamjambo?" Nilikuwa nacheka, jamani, mwanzoni.

Kisha difu ikaanza kulia. Ni lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, lenye meno ya kuzungusha ekseli. Ilikuwa inalia vuuu, kuanzia darajani mpaka sokoni, na wenzangu wa kwenye magenge wananiambia, "Mumeo huyo anaingia." Oili mpya, inalia. Oili nzito zaidi, inalia. Na mimi fedha ya bati nikiifunga kwenye kanga, naifungua tena. Nilichoka kufungua ile kanga kuliko nilivyochoka na kulima.

Siku moja niliongozana naye kupeleka mchele Mikumi, tukapita kwa fundi ili aifungue difu. Alipoifungua yote, oili ikatoka na vitu vyeusi, nyuzinyuzi, vinanuka kama pombe iliyolala. Fundi akacheka mpaka akaweka spana chini.

"Mzee, mlipigwa ndizi!"

Ndiyo akatueleza. Mtu akitaka kuuza gari lenye difu mbovu, anashindilia humo ndizi mbivu na unga wa mbao. Kelele inakufa kwa muda, mnunuzi anaondoka anafurahi. Damu ikanipanda. Nikasimama katikati ya gereji, mbele ya madereva wa malori, nikasema kwa sauti, "Aliyefanya hivi Mungu amlaani, na nyumba yake ivuje mpaka afe!"

Mume wangu akamlipa fundi, tukaanza kurudi Kilosa. Tulipofika karibu na Ulaya akasimamisha gari pembeni, akazima.

"Uliyemlaani ni mimi," akasema.

Meneja alimwagiza alinyamazishe gari, wanunuzi wanakuja. Akalinyamazisha, na kazi yake huwa hailipui. Wanunuzi hawakuja. Siku ya malipo akaitwa mbele ya wenzake wote akakabidhiwa ufunguo, wanampigia makofi. Angesema nini? "Nilidhani nitalitengeneza pole pole," akaniambia. Nilicheka. Halafu nikalia, na sikumficha.

Masika yalikuwa yanakaribia alipojitokeza mwenye gesti wa Mikumi, anatafuta gari la kuwapeleka wageni mbugani. Bei aliyotaja ilitosha nyumba nzima, bati na misumari. Meno mapya ya difu hatukuyaweza. Basi nikaenda sokoni nikanunua ndizi mbivu, nikaomba unga wa mbao kwa seremala, nikaweka vyote kwenye beseni, nikalisukuma uvunguni mwa gari.

"Baba watoto, kazi unaijua."

Akatoka taratibu. Akalitazama beseni, akajifuta mikono kwa kitambaa, akachukua ndizi moja, akaimenya, akala. Akanimenyea na mimi. Niliikataa, nikamwambia yeye ni mwanamume wa ajabu, na nikaingia ndani nikamnunia mpaka asubuhi.

Mnunuzi alipofika akamwamkia, "Shikamoo mzee." Mume wangu akaitika, kisha kabla hajaulizwa akasema, "Difu inalia. Panda usikie." Wakazunguka mpaka stesheni na kurudi, na mtaa mzima ukasikia. Bei ikaporomoka pale pale, nami nimesimama mlangoni nashuhudia.

Mabati yalitosha chumba chetu na nusu ya sebule. Mvua ya kwanza ilipopiga tulijibana wote upande wa bati, na upande wa pili ikawa inapita kwenye nyasi. Nikachukua lile beseni la ndizi nikalitega. Nilikuwa bado nina hasira naye. Yeye amekaa kwenye kigoda, anatazama maji yanavyodondoka, wala haniangalii, na nikajua anafikiria maneno yangu ya gereji.

Nikamwomba Mungu, kimoyomoyo, ayafute. Halafu nikaenda kumwaga beseni, maana lilishajaa.