Siku ya Kichuguu

Asubuhi ile kando ya bwawa tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kike, mdogo wetu wa kiume, baba mdogo, afisa wa samaki kutoka wilayani, jirani yetu mjane, na wanawake wengine tisa wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana. Maji yalikuwa yameshuka hadi vifundoni. Vifaranga vya samaki vilirukaruka kwenye tope.

Kosa lilikuwa langu. Wanawake hao ndio walionichimbia bwawa, na walipofikia udongo wa mfinyanzi afisa alisema, "Komeni hapo." Walipoondoka niliendelea peke yangu wiki nzima. Kwetu maji hutafutwa ndani ya mchanga wa mto. Ukiyakosa, unazidi kuchimba. Niliacha shule darasa la sita, lakini hilo nililijua tangu utoto. Nilitoboa mfinyanzi, nikafika mchanga, nikafurahi. Mvua ikajaza bwawa, samaki wakatiwa, kisha mchanga ukaanza kuyanywa maji.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki mwaka uliotangulia. Baba mdogo alikubali tubaki pamoja tuone kama samaki watatulisha. "Wakifa," alisema, "hawa wadogo nawagawa kwa shangazi zao." Sasa alisimama pale, kofia mkononi.

"Msichana, na hizi nyoka zako zitalala wapi?" mmoja wa wanawake aliuliza. Wenzake wakacheka. Hakuna aliyekuwa ameonja samaki; kwao samaki na nyoka vilikuwa kitu kimoja.

Mjane hakucheka. "Nyoka ama si nyoka, watoto hawagawanywi," alisema, akachukua jembe. "Kichuguu kiko wapi?"

Samaki tuliwahamishia kwenye mapipa. Udongo wa kichuguu tuliubeba kwa karai, tukaulowesha, tukautandaza juu ya ule mchanga ili kuuziba, tukaukanyaga kwa miguu hadi jioni. Maji yaliletwa na punda kutoka mtoni.

Mwishowe, walipokua, tulivua samaki wachache. Baba mdogo alikula mmoja, akalalamika kuhusu miiba, na habari ya shangazi hakuirudia tena.

Katika mwethya, ukisaidiwa siku moja, nawe unalima siku moja. Siku za kuchimba nilikuwa nimeshazilipa. Kwa siku ya kichuguu nilizunguka mashamba tisa na jembe langu. La mjane nililiacha mwisho, kwa kuwa alisema hana haraka. Kabla ya msimu wa kupanda alihamia Kathonzweni kwa binti yake, akafia huko. Shamba lake hapa ni kichaka. Siku yake moja bado nadaiwa.