Sweta la Ukurasa wa Sabini na Mbili

Kule kiwandani walikochapa vitabu walimwita Mama Sindano, kwa sababu alishona vitabu kwa mkono, na ulimi wake nao ulichoma. Kazi yake ilikuwa kukunja karatasi kubwa zilizotoka mashineni, kila moja ikawa kurasa kumi na sita, kisha kuzishona pamoja. Riwaya hakuwa akizisoma. Angezisoma zote, angekula saa ngapi?

Hii aliisoma. Mtunzi alikuwa mwanawe wa kumzaa, na ndiyo riwaya yake ya kwanza. Mama Sindano alimwacha kwa mdogo wake wa kike, mtoto akiwa na miaka minne, alipoolewa tena na mume asiyetaka mtoto wa mwenzake. Aliaga kwa miezi miwili, ikawa miaka kumi na tisa. Mume mwenyewe alishakwenda zake siku nyingi, lakini aibu ilikuwa imemfunga miguu.

Basi akawa anakunja na kusoma, anakunja na kusoma, na roho inamuuma. Kila ukurasa mama mdogo! Mama mdogo kakesha naye ana homa, mama mdogo kamfundisha kusoma. Mama mzazi kapewa mistari mitatu, na katika yote yuko mlangoni anaondoka. Hayo aliyameza, majuto ni mjukuu. Lakini kwenye karatasi ya tano, ukurasa wa sabini na mbili, akakuta sweta la kijani lenye vifungo vya mbao, alilofuma mama mdogo.

Alilofuma nani? Mtu ambaye hata kifungo hajui kupachika! Masweta yale aliyafuma yeye, moja kila mwaka, akayatuma kimya kimya. Wivu ukampanda. Mtoto kamchukua, haya, na sweta pia? Akaubeba mrundo mzima wa nakala za karatasi ya tano, akausukuma chini ya meza yake na kuufunika kwa magunia.

Bila karatasi ya tano hakuna kitabu. Msimamizi alitafuta siku mbili, akamshuku kila mtu isipokuwa yeye. Siku ya tatu mtunzi akaja mwenyewe kuuliza kulikoni, kijana mrefu mwenye masikio ya babu yake. Msimamizi alipoingia ofisini kupiga simu, wakabaki wawili. Mama Sindano akainama, akautoa mrundo, akauweka mezani.

"Niliuficha mimi," akasema. "Ukurasa wa sabini na mbili una uongo. Mama yako mdogo hajui kufuma."

Kijana alimtazama usoni, akaitazama mikono yake, akarudi usoni.

"Najua hajui," akasema. "Kila kifurushi kilipofika aliniambia, hili amekufumia mama yako. Mimi nilikuwa nalitupa chini. Yeye analiokota, ananibembeleza mpaka nalivaa. Kila mwaka hivyo. Huo uongo ni wangu, si wake."

Miaka yote hiyo mtu ambaye Mama Sindano alikuwa akimwonea wivu ndiye aliyekuwa akimtetea.

"Unataka niubadilishe?" kijana akauliza.

Alitaka. Mungu shahidi, alitaka, maana wivu ulikuwa palepale haujaondoka hata hatua.

"Acha," akasema, akavuta karatasi ya juu, akaanza kuikunja.