Ndoano ya Wajapani

Mama Koleta amenitunzia siri. Kwa shukrani, naitoa mwenyewe.

Enzi hizi za ruksa, kila mwenye chake anaagiza gari nje, nami nimeagiza pikapu ya mtumba kutoka Japani. Baba mkwe alikuwa na ya kampuni hiyohiyo, akapanda nayo milima ya Uluguru miaka nenda rudi bila kusumbuka. Yangu ilianza kuwa nzito wiki ya kwanza tu.

Jumamosi niliwabeba wanakwaya kwenda harusini, kanisa la kule mlimani. Mama Koleta, kiongozi wao, alikaa mbele. Nikaupokea mkoba wake, nikaivuta ndoano iliyo chini ya dashibodi, nikautundika, kama ninavyotundika wangu kila siku.

"Wajapani wanatujali," nikamwambia.

Mlimani pikapu ikanuka moshi, ikazima. Akina mama wakashuka na sare zao nyeupe, wakasukuma huku wanaimba, bila hata mmoja kuninunia. Mimi nimekalia usukani nawalaani Wajapani: siku hizi wanatuuzia makopo!

Mama Koleta akaja dirishani anahema, akaomba mkoba wake apate leso. Alipoutoa, akaitazama ndoano, akaizungusha, akaisukuma ndani. Taa nyekundu niliyodhani ni urembo ikazimika.

Akawageukia wenzake waliolowa jasho, kisha akaninong'oneza:

"Baba Neema, hiyo ni handibreki. Sitawaambia. Ila mkoba wangu nitaushika mwenyewe."