Namba Iliyonigomea kwa Mzee Anaeli

Aibu hii naikiri mwenyewe, maana kijiji chetu kizima cha Poli kinaijua na kila anayeisimulia anaongeza chumvi, basi bora muisikie kwangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi mwalimu kijana wa shule ya misheni huku chini ya Mlima Meru, nimekwenda na mjomba wangu kumposa Raheli, binti wa Mzee Anaeli, mzee wa kanisa na mwenye shamba la kahawa ambaye alikuwa bado hajaamua kama mwalimu ni mtu wa kupewa binti (kwake mwanaume ni jembe). Mjomba alinionya ninyamaze, wazee wamalize. Nami nikachukua sleti, kile kibao cha kuandikia kwa chaki, nikaificha ndani ya koti. Kosa lilianzia hapo, kwenye sleti tu.

Katikati ya maongezi mzee akaniuliza, "Hiyo hesabu mnayofundisha inasaidia nini?" Nikatoa sleti, nikaandika 142857, nikamwambia namba hii uizidishe kwa yoyote unayotaka, tarakimu zitabaki zilezile, zinahama viti tu. Mjomba akasema mbili, nikapata 285714. Shangazi yake Raheli akasema tano, nikapata 714285. Wazee wakaguna kwa kuridhika, kichwa kikanivimba, nikamgeukia mwenye nyumba, "Sasa baba, chagua wewe, yoyote."

(Chuoni tulifundishwa kwamba ujanja huo unaishia sita. Nilijua. Lakini "yoyote" ilikuwa imeshanitoka, na tena niambieni, mzee wa kanisa la Kilutheri ukimwambia achague namba, atachagua ipi?)

"Saba," akasema.

Nikaanza kuzidisha polepole, kana kwamba upole utabadilisha jibu, ikatoka tisa, ikafuata tisa, mpaka sleti ikajaa tisa tupu: 999999.

"Zile tarakimu zilezile ziko wapi?" akauliza.

Nikamsukumia sleti aone mwenyewe kwamba hizi nazo zimejipanga vizuri, ila sikuigeuza, na yeye alikaa ng'ambo ya meza. Akavaa miwani, akasoma sita, sita, sita, akaifuta miwani, halafu akasoma zilizobaki. Chumba kizima kilikuwa kinakijua kitabu cha Ufunuo.

"Namba ya mnyama," alisema taratibu, "na ameiandika mara mbili."

Nikasema ni tisa, baba, igeuze tu. Akasema yeye hageuzi kitu. Shangazi akaifuta sleti kwa maji, tukasimamishwa, tukaombewa, mimi na mjomba na sleti yenyewe. Raheli alikuwa mlangoni na birika la chai, amejifunika mdomo kwa kanga, nami roho ikaniuma sana nikidhani analia, kumbe anacheka.

Tulipokuwa tunatoka mjomba akauliza kama turudi.

"Rudini. Ila asije na hiyo sleti."

"Baada ya wiki ngapi, baba?" nikauliza, mimi niliyekatazwa kusema.

Mzee Anaeli akaniangalia. "Saba."

Nilirudi, na Raheli nikamwoa. Lakini tangu siku ile simwambii mtu achague namba yoyote. Nampa moja hadi sita, na sleti naishika mwenyewe.